Koo la Kukodi

Mume wangu hajui kunong'ona. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Akiniambia "mke wangu, sogea tuzungumze jambo la siri," jirani wa kulia anapunguza redio asikilize, na wa kushoto asubuhi anakuja kunipa pole au hongera, kutegemea siri yenyewe. Sauti ndiyo kazi yake. Ana kigari cha mizigo, kikuukuu, chenye spika mbili juu ya paa zilizofungwa kwa waya, na mji mzima unamwita Kipaza. Hata mimi namwita hivyo nikiwa nimekasirika, yaani karibu kila siku.

Hakuna jambo la mji huu ambalo halijapita kooni mwake. Maji yakikatwa, anatangaza. Mtoto akipotea sokoni, anatangaza, na akipatikana anatangaza tena na kumgombeza mama yake humo humo hewani. Kazi nyingi huzifungua kwa maneno yale yale: "Haya, haya, haya, toka nje usikie mwenyewe, usije ukasimuliwa." Isipokuwa misiba. Kazi ya msiba anaiheshimu kuliko zote. Siku hiyo anavaa shati la mikono mirefu, ingawa ndani ya gari hakuna wa kumwona, anaendesha taratibu, anataja jina la marehemu, jina la baba yake na mtaa wake. Hajawahi kuuliza marehemu alikuwa wa chama gani.

Na uchaguzi ukifika, anakodiwa na Kengele.

Hapa kwetu vyama vyenye meno ni viwili, kimoja alama yake kengele na kingine ngazi, na majina yao marefu wanayajua wenyewe. Kengele ndio wenye fedha, basi ndio waliokuwa wakilikodi gari letu kila msimu. Nilimwambia mara ngapi? Nilimwambia, wewe mwanaume, sauti yako ni ya watu wote, unapoifunga kwenye bendera ya watu fulani ujue wengine wataisikia bendera, hawatakusikia wewe. Ananijibu, "Mimi ni koo la kukodi, mama. Anayeweka mafuta ndiye anayesema. Sina chama mimi, hata kofia yao sina." Mwongo. Kofia anayo, naivaa mimi nikifagia buibui.

Uchaguzi uliopita ulikuwa mchafu. Mji wetu umekatwa na reli katikati. Sisi wa upande wa stesheni tuliipa kura Kengele, na watu wa ng'ambo ya reli wakaipa Ngazi, wote, kuanzia wenye maduka mpaka walevi. Ng'ambo kule mtangazaji wao ni Chiriku, mtu mwembamba, fundi redio, mwenye sauti kali ambayo ukiisikia asubuhi jino linauma. Siku moja ya kampeni magari yao mawili yakakutana pale reli inapokatiza barabara. Kipaza akagoma kurudi nyuma, Chiriku akagoma kurudi nyuma. Wakakaa pale pua kwa pua, kila mmoja akimwaga sera za waliomlipa, mpaka betri zikaisha za wote wawili na treni ikaja ikasimama inapiga honi. Ilibidi watu washuke kwenye treni kuyasukuma yale magari. Mimi nilikuwepo, na nilijifanya simjui. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Kengele wakashinda halmashauri ya mji. Wala hazikupita siku nyingi, zahanati ya ng'ambo ikaanza kunyofolewa. Kwanza jokofu la chanjo likachukuliwa kwenda kutengenezwa, halikurudi. Halafu muuguzi wa pale, mama mmoja mnene mwenye maneno makali na mkono mwepesi, aliyekuwa amezalisha nusu ya watoto wa kule, akahamishiwa ofisi ya afya upande wetu akagonge mihuri. Mwisho mlango ukafungwa kufuli. Hakuna aliyesema ni adhabu. Walisema ni "mpangilio mpya wa huduma." Mpangilio wenyewe unaelewa mwenyewe: waliopiga kura vizuri watibiwe mlangoni, waliopiga vibaya watembee.

Sasa huko ng'ambo ndiko aliko binti yetu. Ameolewa na fundi pikipiki, kijana mchapakazi, mwenye adabu, akiniona na kikapu anakikimbilia. Tatizo lake moja tu, ni katibu wa tawi la Ngazi, na ile siasa ameiamini mpaka kwenye mifupa. Mtoto wao alizaliwa siku matokeo yanatangazwa. Binti yangu yuko ndani anaugulia uchungu, na dirishani anapita baba yake mzazi na spika mbili, anaimba ushindi. Hakujua. Naapa hakujua kwamba siku imefika. Lakini mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na aliona gari linavyopita.

Hakuna aliyemfukuza Kipaza, na hakuna aliyemkaribisha. Mimi nilikuwa naenda, nabeba mjukuu, namwogesha, narudi. Nikifika tu nyumbani, yeye huyo, ananizunguka na kikombe chake cha chai. "Anafanana na nani?" Namwambia, nenda ukamwone, una miguu. Anajibu, "Nitakwenda." Mtoto akaanza kukaa, akaota meno, akaanza kutambaa, na babu yake hajamshika hata siku moja. Nilimwona kuna wakati anaangalia mikono yake, na nikajua anawaza nini, ila sikusema kwa sababu nilikuwa na hasira naye.

Ndipo ikaja surua.

Ilianzia upande wa mbali wa mji na ikatembea haraka. Ofisi ya afya ikaletewa chanjo, nyingi ya kutosha kila mtoto, ila kwa muda, kwa sababu miji mingine nayo ilikuwa inasubiri zamu. Yule muuguzi ndiye aliyekuja kwetu kumtafuta Kipaza. Akaketi kwenye benchi letu, akanywa maji, akasema, "Mzee, hii siyo kampeni. Hii ni kazi ya koo lako lote."

Nilimwona mume wangu akinyooka mgongo. Alifurahi mtu yule, kwa sababu hatimaye alipata kazi isiyo na bendera. Jioni ile alifuta spika vumbi mwenyewe.

Lakini maneno ya tangazo yalipitia kwanza ofisi ya mwenyekiti wa halmashauri, na yaliporudi yalikuwa yameota kichwa. Kila tangazo lianze hivi: "Kwa hisani na upendo mkubwa wa mheshimiwa mwenyekiti, pamoja na chama chake, wananchi mnaletewa chanjo ya bure." Ndipo yafuate ya surua. Muuguzi alikunja uso mpaka nyusi zikagusana. Kipaza akasoma, akasema, "Haya, ndio wenye mafuta."

Basi fikiria wewe uko ng'ambo ya reli. Zahanati yako imepigwa kufuli. Unasikia gari linakuja, lile lile, na wimbo ule ule wa kampeni, maana nyimbo nyingine hana. Mlangoni mwa gari bado kuna picha ya mheshimiwa anacheka, gundi imegoma kutoka. Halafu sauti ile ile: haya, haya, haya, kwa hisani na upendo mkubwa. Ungefanya nini? Ningekuwa mimi ningefunga mlango na dirisha.

Wakafunga. Upande wetu wanawake walijipanga tangu jua halijachomoza. Ng'ambo wahudumu walikaa uwanjani na masanduku yao ya barafu, wakifukuza nzi. Na ukimya ukishakaa mahali, maneno yanakuja kuujaza. Mara chanjo ya Kengele inafunga kizazi, ili watu wa Ngazi wasizidi kura. Mara ukichanjwa jina lako linaandikwa chamani. Nilisikia hata kwamba mtoto akichanjwa akikua hawezi kupigia kura chama kingine, mkono unakataa wenyewe. Nilicheka, halafu nikakumbuka mjukuu wangu yuko kule, kicheko kikaniishia.

Nikavaa viatu nikaenda.

Nilimkuta binti yangu anafua uani, mtoto yuko mgongoni. Nikamwuliza hata kabla ya salamu, "Mmemchanja?"

Akakamua nguo kwanza. "Bado, mama."

"Bado mnasubiri nini? Awe na vipele ndio mjue ni mtoto?"

"Mama, usinigombeze. Nimesema naye. Nimesema mpaka nimechoka."

Mume wake akatokea ndani, mikono ina grisi mpaka viwiko. Akanisalimia vizuri, akaniletea kigoda. Nikamwambia, baba, mimi sikuja kukaa. Nikamwuliza kama anataka kumzika mtoto kwa sababu ya ngazi na kengele. Nilisema maneno makali zaidi ya hayo, na sitayarudia hapa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mimi mwenyewe nilichanjwa, na mama wa mtoto alichanjwa akiwa na mimba, tena na nesi wetu, pale pale zahanati. Waliotufungia zahanati ndio leo wanakuja kutuimbia upendo. Nikipeleka mtoto wangu mimi, katibu, kesho watasimama jukwaani waseme hata Ngazi wamepiga magoti. Walete chanjo kama chanjo. Wasilete kama zawadi."

Nilijua amekosea, na nilijua pia ana haki ya kukasirika, na hayo mawili yakanikaa kifuani siku nzima. Binti yangu alinisindikiza mpaka njia panda. Tulipofika akasema, "Haikatai sindano, mama. Anaikataa sauti ya baba."

Nilimwambia Kipaza neno lile kama lilivyo. Sikulipaka asali. Alikuwa anakula, akaacha.

Siku mbili tatu baadaye, surua ikaua mtoto ng'ambo ya reli. Mtoto wa kike, wa mchoma mahindi anayekaa karibu na daraja dogo la kule. Kipaza aliposikia hakungoja kuitwa. Akavaa shati lake la mikono mirefu, akawasha gari, akaenda kuuliza jina kamili la mtoto ili atangaze. Aliondoka na akarudi upesi mno. Akakaa kitandani na viatu vyake.

"Wamenirudisha," akasema. "Baba mtu amesimama mbele ya gari. Hakunitukana. Ameniambia tu, mzee, nenda, mwanangu atatangazwa na watu wake." Chiriku alipita kwa miguu na kipaza sauti cha mkononi akiutangaza ule msiba, na mume wangu alikaa ndani anamsikia kwa mbali. Akalia. Nami nikalia, kwa yule mtoto, na kwa yeye, na kwa mjukuu wangu, na hasira yangu yote dhidi yake siku hiyo ikaniisha.

Kesho yake akaenda kwa mheshimiwa. Yaliyosemwa huko nayajua kwa sababu alinisimulia, na mtaa mzima unayajua kwa sababu hiyo hiyo. Aliingia kwenye ile ofisi yenye zulia na kiyoyozi, akaomba jambo moja tu: yale maneno ya hisani yaondolewe, ng'ambo ya reli angalau. Mheshimiwa akamkaribisha soda. Akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, kila kitu kina mwenyewe. Tukitoa kitu bila kujitaja, watu watadhani kimedondoka kutoka mbinguni. Na unajua uchaguzi wa diwani wa kule unarudiwa karibuni."

"Mheshimiwa, kuna mtoto amekufa."

"Nami nimesikitika sana. Ndiyo maana tunasisitiza wajue nani anawajali."

Kipaza akairudisha soda mezani bila kuifungua. "Basi tafuta koo lingine," akasema, akatoka. Nilipoona anakwangua ile picha mlangoni kwa kisu changu cha jikoni, nilijua mkataba wa Kengele umekwisha na msimu ujao tutakaza mikanda. Nikamletea maji ya moto, gundi ilainike.

Kilichofuata ndicho kilichomgharimu zaidi. Aliniomba nimsindikize kwa Chiriku, eti asije akakosa adabu. Tukamkuta Chiriku kwenye kibanda chake, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Hakuinua macho.

"Shemeji karibu," akaniambia mimi. "Huyo bwana mkubwa uliyekuja naye amepotea njia? Halmashauri iko upande ule."

"Nimekuja kwako," akasema Kipaza.

"Punguza sauti, utanivunjia spika za wateja."

Nikamkanyaga mume wangu mguu, naye akajikaza. Akasema, "Gari ninalo. Mafuta nitaweka mwenyewe. Kule kwenu wananisikia mimi wanafunga milango. Wewe ndiye sauti yao. Nataka ukae kwenye gari langu utangaze chanjo. Mimi nitashika usukani tu."

Chiriku akaweka bisibisi chini. "Uendeshe, na mimi niseme?"

"Ndiyo."

"Na wewe usiseme kitu?"

"Nisiseme kitu."

"Shemeji, huyu anaumwa?" Alicheka sana, halafu akajifuta uso. Yule mtoto wa mchoma mahindi alikuwa akipita kwake kila siku kusikiliza redio. "Maneno yangu mwenyewe," akasema. "Hisani ya mtu sitaki kuisikia. Na nesi wetu awepo. Mwingine yeyote akishika sindano mimi nashuka."

Muuguzi hakuhitaji kubembelezwa. Alituambia wamemhamishia kwenye mihuri ila mikono hawakumhamisha. Mganga mkuu wake, mtu mwoga mwoga hivi, alizungukazunguka na miwani yake, mwisho akasema yeye anachojua ni kwamba barafu isiyeyuke, habari za gari la nani linabeba nini hakuulizwa na hajaona. Kwa mtu wa aina yake huo ulikuwa ujasiri, nami namheshimu mpaka leo.

Tukavuka reli siku ya mapumziko. Mbele Kipaza na Chiriku, nyuma mimi na muuguzi tumeyakumbatia masanduku. Wimbo hakuna. Chiriku akaanza na ile sauti yake ya kuumiza jino. "Jamani, ni mimi. Msinikodolee macho, naona mwenyewe niko kwenye gari la nani. Nesi wetu yuko nyuma huku, amekuja na chanjo ya surua. Amekuja siku moja tu. Mtamkuta zahanati, barazani, maana mlango mnajua una nini."

Wakatoka. Sikudanganyi, wengi walitoka kumwona Kipaza amenyamaza. Watu walishika mbavu wanacheka. "Amefanyiwa upasuaji?" mmoja akauliza. Shingo ya mume wangu ilikuwa imevimba kwa maneno aliyoyameza, lakini usukani hakuuachia na mdomo hakuufungua.

Barazani kwenye zahanati wakajaa, ila kwa mbali, wamekumbatia watoto wao. Mwanamke mmoja muuza mboga akasema, "Nesi, tumesikia inafunga kizazi."

Muuguzi akamtazama juu mpaka chini. "Wewe wanao wote niliwachanja mimi, na wewe mwenyewe nilikuchoma za pepopunda kila mimba. Ukaendelea kuzaa mpaka nikakuomba upumzike. Ilifunga wapi?" Watu wakaangua kicheko, na yule mwanamke akacheka kuliko wote. Lakini hakuna aliyesogea. Macho yao yalikuwa kwa mkwe wangu, katibu, aliyesimama mbele na mikono yake kifuani. Binti yangu hakuwepo, alikuwa amebaki nyumbani na mtoto.

Mkwe akasema, "Chiriku tunamjua, anaweza kuwa amenunuliwa. Nataka nimsikie mwenye gari. Baba, chanjo hii ni ya nani?"

Kipaza akashuka. Maikrofoni aliiacha ndani. Alisimama pale kwenye vumbi na shati lake la mikono mirefu, na kwa mara ya kwanza nilimwona mume wangu anatafuta maneno.

"Niliambiwa niseme ni ya mheshimiwa," akasema. "Nikasema, na nikalipwa kusema. Siyo yake. Mheshimiwa hakutoa mfukoni mwake hata hela ya pamba. Mmeinunua nyinyi. Kila mkinunua sabuni, mkinunua sukari, mkiweka hela kwenye simu, kuna kitu kinakatwa kinakwenda serikalini. Kikikusanyika kinarudi, ndio hiki. Huwezi kumpa mtu kitu chake ukamwambia ashukuru. Ukikataa cha kwako kwa sababu aliyekibeba humpendi, yeye hapungukiwi. Anapungukiwa mtoto."

"Na mlango huu?" mkwe akauliza, akigusa kufuli. "Na nesi?"

"Sijui. Sitakudanganya tena. Hilo tutalidai. Nitalidai na mimi, na mnajua nikidai ninasikika."

Mkwe wangu aliangalia chini, na niliona anavyouma meno. Ndipo watu wakaanza kupishana nyuma, kuna mtu anapita. Alikuwa yule mchoma mahindi. Amembeba mwanawe mdogo, mdogo wake yule marehemu, na bado kichwa amenyoa cha msiba. Alipita mbele ya mume wangu, akapita mbele ya katibu, akakaa kwenye kiti kilichowekwa mbele ya muuguzi.

"Mchanje huyu," akamwambia muuguzi.

Baada ya huyo, yule muuza mboga akaketi na wake. Halafu mwingine, na mwingine, mpaka nikaanza kuwapanga, maana watu wetu foleni hawaijui bila kupigiwa kelele, na kwa kelele sijambo.

Najua utaniuliza mheshimiwa alifanya nini. Alipiga simu, alifoka, alitaka kumfukuza kazi muuguzi. Lakini yule mganga mkuu mwoga alikuwa ameshapeleka taarifa juu kwamba mji wake umefikia watoto wote, na amesifiwa, na mheshimiwa hakutaka kugombana na sifa. Baadaye, uchaguzi wa diwani uliporudiwa, Kipaza na Chiriku walizunguka mji mzima kwa gari moja, pande zote mbili za reli, wakiuliza swali moja kwa kupokezana: jokofu la zahanati liko wapi? Hawakukodiwa na mtu. Wagombea wote wawili, wa Kengele na wa Ngazi, wakajikuta kila mkutano wanaulizwa hilo hilo kabla hawajamaliza kusalimia. Sasa kufuli halipo, jokofu linanguruma, na muuguzi yuko pale anafokea watu. Hayo yalikuja kwa kusukumana sana, na mimi na binti yangu tulikuwa miongoni mwa waliokwenda kukaa kwenye ngazi za halmashauri mpaka tukafunguliwa mlango.

Lakini nilikuwa nasimulia siku ile. Foleni ilikuwa imeshazunguka jengo nilipogeuka nikaona mkwe wangu hayupo pale alipokuwa. Nikajua ameondoka kwa hasira. Kumbe amekwenda nyumbani. Akarudi na binti yangu, na mtoto kamshika yeye. Alikuwa ameisugua ile mikono yake ya grisi mpaka imekuwa myekundu.

Hakuruka foleni. Alisimama nyuma ya wote, katibu wa tawi, akasubiri kama wengine. Zamu yao ilipofika, binti yangu aliiona sindano akageuza uso, akasema, mama mimi siwezi. Nikasogea nimsaidie. Mkwe akanizuia kwa heshima. Alimwangalia mume wangu, ambaye alikuwa amejibanza kwenye gari lake akijifanya anakaza nyaya za spika.

"Baba," akamwita. "Njoo umshike wewe."

Kipaza alikuja kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Akafuta viganja kwenye suruali, akavifuta tena. Mkwe akamwekea mtoto mikononi, akamwonyesha jinsi ya kumshika mkono usicheze. Mtoto alimtazama babu yake kwa mshangao, akamshika pua. Sindano ikaingia, akapiga yowe la kutikisa bati, na mume wangu akamkumbatia anasema pole, pole baba, pole, huku machozi yanamtiririka mbele ya Ngazi wote. Nami yalinitoka, na sikuona haya.

Muuguzi akaweka pamba, akamwambia mzee ampishe mwingine, foleni bado ndefu. Mume wangu akasogea kando, akakaa ukingoni mwa baraza, mtoto kifuani. Mkwe wangu alikwenda akakaa karibu naye, na hakumwomba amrudishie.